Shingo ikipinda, si pepo

Mgonjwa wa baipola akipanda juu, halali. Anakesha siku tatu akiongea bila kituo, anagawa mali aliyoihangaikia miaka, na ukoo unaanza kuulizana nani kamroga. Baadaye anashuka kwenye sonona, neno halimtoki. Kwa watu wa Iringa, akizidi, njia inayojulikana ni ile ya Mtera kwenda hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma.

Akiwa juu, kinachomshusha haraka ni dawa za saikosisi. Haloperidoli, iliyogunduliwa Ubelgiji mwaka 1958, haijazeeka: uchambuzi wa majaribio 68 uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2011 uliiweka na risperidoni na olanzapini katika kundi la mbele kwa kutuliza hali ya juu. Kwenye sonona haifui dafu. Huko kwetiapini ndiyo yenye ushahidi.

Lakini haloperidoli ina vituko vyake. Siku za mwanzo shingo inaweza kupinda, taya likakaza, macho yakageukia juu. Hapo ndipo ndugu hutupa dawa na kuita waombaji, wakati sindano au vidonge vya benzeksoli hospitalini vingemfungua mapema. Kinachonitisha zaidi ni miguu isiyotulia: mgonjwa anazunguka uani usiku kucha, nyumbani wanasema ugonjwa umerudi, dozi inaongezwa, naye anazidi kuzunguka. Mwulizeni kwanza: ni mawazo yanakimbia, au ni miguu?

Olanzapini haipindi shingo sana, ila inaleta njaa, unene na sukari. Klopromazini inaifanya ngozi iungue upesi juani, na baridi ya Iringa isiwadanganye wanaolima: jua la mwinuko wa mita 1,500 ni kali hata ukiwa na sweta. Kisha kuna ulanzi, pombe ya mianzi. Msimu wa mvua mianzi ikitoa, nani atakataa kikombe? Pombe na dawa hizi zote zinalaza. Zikikutana, mtu anaweza kuanguka njiani.

Jambo jingine ni la mkoa huu hasa. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta VVU kwa asilimia 11.1 ya watu wazima wa Iringa. Kabamazepini, dawa nyingine ya baipola, inapunguza dolutegraviri mwilini, ile iliyomo kwenye kidonge cha ARV cha kila siku. Daktari akijua, atabadilisha dawa au ataongeza dozi ya dolutegraviri. Anayehudhuria kliniki mbili abebe kadi zote mbili.