F5 ILIPONITIA GIZANI

Wanachama wenzangu, wahenga walinena usione vyaelea, vimeundwa. Siku ya Wazazi nilipewa jukumu la kuwaonyesha wageni picha za chama chetu kwenye kipakatalishi. Nikabonyeza F5 ili onyesho la PowerPoint lianze. Lo! Skrini ikafifia. Nikabonyeza tena na tena, giza likazidi! Wenzangu wakaangua kicheko, nami jasho likanitiririka. Mwalimu akaja, akashika Fn, akagonga F5 mara moja. Onyesho hilo!

Kumbe mashine haikuwa mbovu. Vitufe F1 hadi F12 vina kazi mbili mbili. Kazi ya kwanza ni kuamuru programu, mathalani F1 huleta usaidizi. Ya pili ni ya mashine yenyewe, kama sauti na mwangaza, na huonyeshwa kwa alama ndogo kwenye kitufe. Siku hizi vipakatalishi vingi hutoka kiwandani kazi ya pili ikiwa mbele.

Je, ufanyeje? Ukishikilia Fn, kazi ya kwanza hurudi kwa mara hiyo tu. Ukitaka ibaki hivyo, bonyeza Fn pamoja na Esc. Mashine nyingi hukubali. Ikikataa, izime, kisha iwashe huku ukigonga F2 au F10, kulingana na aina yake, uingie BIOS. Humo tafuta mstari unaotaja vitufe hivyo, ubadilishe, uhifadhi, utoke.

Basi, ndugu msomaji, jaribu vitufe vyako kabla wageni hawajaketi. Mimi nilijifunza gizani!