Mashine ya Kurekodi DVD: Tununue au Tusinunue?

Tangu kuingia msimu wa harusi, swali tunaloulizwa zaidi na wenye majumba si la zaka wala la mirathi. Ni la mashine: je, yafaa kununua ile mashine ya kurekodi DVD, ikakaa sebuleni mahali ilipokaa deki ya kanda? Wengine huuliza kwa kuogopa bei, wengine kwa kuogopa kuongeza upuuzi nyumbani. Tumeona tulijibu kwa urefu kidogo, kwani ndani ya swali hili mna jambo kubwa kuliko mashine yenyewe.

Juu ya hukumu ya picha hatutakaa sana. Khilafu ya maulamaa katika picha za kamera ni ya zamani. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuzijuzisha, na wako waliozikataa. Nyumba ambayo tayari ina televisheni na rafu ya kanda za harusi imekwisha kuchagua upande wake. Lililobaki ni kuuliza mashine itatumiwa kwa kazi gani, na nani atakayekiona kilichorekodiwa.

Kama kazi yake ni kunasa vipindi vya televisheni, jibu letu ni fupi: msinunue. Aliyepitwa na tamthilia ya jioni hajapotewa na kitu, na akitaka sana, deki aliyonayo yatosha. Kuitoa fedha ya karo au ya kodi kwa ajili hiyo ni katika ubadhirifu uliokatazwa na Sura Al-Israa.

Lakini iko kazi ya pili. Kanda hizi za VHS ziliingia sokoni Japani mwaka 1976 kwa mkono wa kampuni ya JVC, na katika miaka ya themanini zikaenea majumbani mwetu, deki nyingi zikiletwa na jamaa waliokwenda kutafuta riziki Dubai na Maskati. Mkarekodiwa humo harusi, maulidi, khitma za madrasa, na wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Ziko nyumba ambazo sauti ya nyanya haipatikani popote duniani isipokuwa katika kanda moja, akimkemea mjukuu aliyesimama mbele ya kamera.

Kanda hizo zinakufa. Hewa yetu ya bahari ina unyevu na chumvi. Ukifungua kifuniko cha kanda iliyokaa miaka ndani ya kabati utaona madoa meupe ya kuvu juu ya utepe. Utepe wenye kuvu ukichezwa huchafua deki, na deki iliyochafuka huambukiza kanda zilizo nzima. Mwenye kutaka kuhamisha basi asingoje.

Hapo watu husema: kwa nini ninunue mashine, na duka la video liko mtaani, litanihamishia kwa fedha kidogo? Kwa kanda ya maulidi au ya khitma, twasema sawa, peleka dukani. Kwa kanda ya kupamba, hapana.

Kila mtu wa Pwani ajua kupamba ni nini. Ni usiku wa wake watupu: mabuibui yamewekwa kando, nywele zimefunguliwa, bi harusi ameketi na dhahabu na hina yake, shangazi na marafiki wakicheza kwa kuwa hapana mwanamume. Walikubali kamera kwa kuwa aliyeishika alikuwa mwanamke. Kanda hiyo ni amana. Ukiipeleka dukani itachezwa kwa saa tatu nzima mbele ya vijana wasiokuwa maharimu wa yeyote kati yao, maana kunakili kanda hakuna haraka. Muda wa kanda ndio muda wa kazi. Na haitoshi kuwa mwenye duka ni mcha Mungu, kwani si yeye anayekaa pale mchana kutwa.

Twaijua nyumba moja iliyopata msiba huo. Kanda ilirudi salama pamoja na diski yake, wakashukuru. Baada ya miezi michache mume wa yule binti akasikia barazani watu wakiisifu ngoma ya harusi yake, na mmoja akataja rangi ya nguo ya mkewe. Nakala nyingine ilikuwa imebaki dukani. Hatutaeleza yaliyofuata kati ya mke na mume. Yule binti mpaka leo hahudhurii kupamba kwa mtu, hata kwa dadake aliyemfuata.

Kwa ajili ya kanda kama hizi, rai yetu ni kuwa mashine inunuliwe. Wala si lazima kila nyumba iwe na yake. Ndugu watatu au wanne wachange, izunguke kwa shangazi na mama wakubwa, na kazi ikiisha iuzwe na kila mmoja arudishiwe fungu lake. Mwenye kuiendesha awe mwanamke wa nyumba. Ziko mashine zenye deki ya kanda na DVD katika sanduku moja. Huhitaji waya wala fundi, kanda hutiwa upande huu na diski upande wa pili, na kitufe kikabonyezwa. Hiyo ndiyo tunayoipendelea. Fundi wa kiume akihitajika kwa kila kanda, faida yote imepotea.

Diski ya kawaida huchukua gigabaiti 4.7, nazo ni kiasi cha saa mbili za picha nzuri. Mashine itakubali kuzibana saa nne au sita ndani yake, ila picha huvunjikavunjika, hasa penye watu wengi wanaocheza. Kanda ya dakika 180 igawanywe katika diski mbili. Jizoezeni kwanza kwa diski ya DVD-RW, ambayo hufutika, kisha tumieni DVD-R, iandikwayo mara moja tu. Na kazi ikiisha, msisahau kuifunga diski kwa amri iliyomo katika rimoti. Isipofungwa, huenda isicheze katika mashine nyingine yoyote.

Kwa jamaa walioko Marekani wanaotaka kuleta zawadi: mashine ya kule kwa kawaida ni ya umeme wa volti 120 na mtindo wa picha wa NTSC, na sisi umeme wetu ni volti 240 na kanda zetu ni za PAL. Letini fedha.

Liko moja linalotutia hofu katika diski kuliko kanda. Kanda ilihitaji deki mbili na saa tatu kunakiliwa. Diski hunakiliwa kwa kompyuta katika dakika chache, na haiachi alama. Kwa hiyo zihesabiwe. Zitoke mbili, moja kwa bi harusi na moja kwa mamake, majina yaandikwe juu yake kwa kalamu ya wino laini, zisikae juani wala ndani ya gari. Jamaa akiomba ya tatu, aulizwe bi harusi mwenyewe, hata kama mwombaji ni mama mkwe.

Na kabla ya kulipa, mwambieni mwenye duka arekodi mbele yenu dakika tano kutoka katika kanda mliyokuja nayo, aifunge diski na kuicheza katika mashine nyingine. Ichukueni kanda ya maulidi kwa jaribio hilo, na ile ya kupamba ibaki nyumbani.