Saumu: Ibada ya Siri Inayopima Uaminifu wa Mja

Kila unapoandama mwezi wa Ramadhani, ambao ni wa tisa katika kalenda ya Kiislamu, Waislamu hujizuia kula, kunywa na kujamiiana kuanzia alfajiri hadi kuzama kwa jua. Ibada hiyo, ambayo ni miongoni mwa nguzo tano za Uislamu, ilifaradhishwa katika mwaka wa 2 wa Hijra, sawa na mwaka 624 Miladia. Hata hivyo, njaa na kiu si lengo la funga, bali ni njia ya kulifikia.

Lengo lenyewe limetajwa katika Kurani, Sura ya Al-Baqara, aya ya 183, nalo ni uchamungu. Mchamungu ni yule anayetambua kuwa Mwenyezi Mungu anamwona wakati wote, hivyo hujiepusha na makatazo Yake hata mahali ambapo hapana mwanadamu anayemtazama.

Kwa maana hiyo, saumu hutofautiana na ibada nyingine. Sala huonekana, zaka ina mpokeaji na hija ina mashahidi. Aliyefunga anaweza kunywa maji akiwa peke yake chumbani, kisha akatoka nje bila mtu yeyote kujua. Anapojizuia, hana shahidi isipokuwa Mola wake.

Hapo ndipo maana ya kiroho inapogusa maisha ya kila siku. Aliyeweza kuacha maji yake ya halali hana udhuru wa kuchukua cha haramu. Mfanyabiashara anayepunja vipimo akiwa na saumu, au mtumishi anayeomba rushwa huku akisubiri futari, ameshinda na njaa lakini amekosa mafunzo yake. Katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari, Mtume Muhammad (S.A.W.) alitahadharisha kuwa kuacha chakula bila kuacha uongo hakuna thamani mbele ya Mwenyezi Mungu. Naye mwanazuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kuwa juu ya funga ya tumbo ipo funga ya macho, ulimi, masikio na viungo vingine, na juu yake ipo funga ya moyo.

Aidha, saumu haikuwekwa ili kumdhuru mja. Aya ya 184 na ya 185 za sura hiyo zimetoa ruhusa kwa wagonjwa na wasafiri kula na kulipa siku hizo baadaye. Asiyetarajia kupona hutoa fidia kwa kumlisha maskini. Kwa hiyo, mgonjwa aliyeshauriwa na daktari asifunge hapaswi kujiona mpungufu wa imani, kwani kuipokea ruhusa hiyo nako ni utii. Mwenye kisukari au maradhi mengine ya kudumu anashauriwa kumwona daktari kabla ya Ramadhani kuanza.

Mwezi huhitimishwa kwa Zakatul Fitri, pishi moja ya chakula kikuu cha mahali husika kwa kila mtu, wakiwamo watoto, inayotakiwa kuwafikia maskini kabla ya Sala ya Idd. Kwa njia hiyo, aliyeionja njaa kwa hiari humkumbuka anayeishi nayo bila hiari. Kipimo cha saumu, basi, huonekana zaidi baada ya Idd, pale milango ya chakula inapofunguliwa na ile ya dhuluma ikabaki imefungwa.