Rangi ya Mlangoni

Msichana aliyefiwa na mume akiwa na miaka 15, tena ana mtoto wa kulea, atapata wapi wasaa wa kuwazia rangi? Marehemu Bi. Chaïbia Talal wa Moroko aliupata, ingawa ulikawia.

Alizaliwa mwaka 1929 katika kijiji cha Chtouka, karibu na mji wa El Jadida ulio ufukoni mwa bahari ya Atlantiki. Utotoni alipenda kujivika mashada ya maua ya kondeni, hata wanakijiji wakamdhania kuwa ana wazimu. Alipofikia miaka 13 aliozwa mzee aliyemzidi umri mno, na miaka miwili baadaye akawa mjane. Hakujua kusoma wala kuandika. Alitumikia majumba ya watu, akamlea mwanawe Hossein hadi naye akawa mchoraji.

Kisha ikaja ndoto, nayo aliisimulia mwenyewe: mbingu ya buluu, matanga, na watu asiowajua, waliovaa nguo nyeupe, wakimkabidhi vifaa vya kuchorea. Hakungoja mwalimu. Alikwenda akanunua rangi ya buluu, ile ile ya kupakia milango, akaanza kuchora. Sisi wa mwambao, tuliozoea kuona rangi ya mlango ikiishia mlangoni, hapo hatuna budi kutabasamu.

Mwaka 1965 mjuzi wa sanaa kutoka Ufaransa, Pierre Gaudibert, alifika kutazama kazi za mwana. Mama naye akatoa zake. Alikuwa na miaka 36 hivi, umri ambao wengi humhesabu mama kuwa yake yamekwisha kupangwa. Mwaka uliofuata michoro yake ilionyeshwa Casablanca na Paris.

Kwao, baadhi ya wasomi walimdharau. Waliona picha zake ni za kitoto: nyuso pana, macho makubwa, rangi nyekundu, ya manjano na ya buluu zikikaa ubavu kwa ubavu bila ya kuoneana haya. (Hukumu ya kuchora sura za viumbe tunawaachia masheikh wetu, hapa tunazungumzia rangi.) Sisi hatukubaliani na wasomi hao. Somo anayempamba bibi harusi, akajua leso ipi iandamane na ipi, hakuipata elimu hiyo darasani, wala hakuna anayethubutu kumwita mtoto.

Bi. Chaïbia alifariki Casablanca mwaka 2004, akiwa mchoraji mwenye jina ndani na nje ya Moroko.