Titresheni Ndani ya Lahajedwali

Kinachowapotezea alama wanafunzi wengi katika titresheni ni hesabu: namba ni nyingi, zinafanana, na ukikosea moja inabidi urudie zote. Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard alipokerwa na shida hiyo hiyo, akimtazama mwalimu akifuta na kuandika upya namba ubaoni. Mwaka 1979 yeye na Bob Frankston wakatoa VisiCalc, lahajedwali la kwanza kuenea kwenye kompyuta ndogo.

Tuchukue swali la kawaida. Umepima kwa pipeti sentimita za ujazo 25 za myeyusho wa sodiamu kaboneti. Bureti ina asidi hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita. Jaribio la kwanza, lile la kukisia, limekula asidi 23.10, matatu yaliyofuata 22.50, 22.40 na 22.60. Ziandike kuanzia seli B1 hadi B4, kisha kwenye B5 andika =AVERAGE(B2:B4). Unapata 22.50. Ukianzia B1, wastani unapanda hadi 22.65, na kompyuta haikuonyi; haina habari kwamba jaribio la kwanza ulikuwa unakisia.

Sasa B6 weka 0.1, B7 weka 25, B8 weka 2 na B9 weka 1. Pembeni, kwenye safu A, taja kila namba ni ya nini na kipimo chake. Usidharau safu hiyo, ndiyo itakayokuokoa ukirudi wiki ijayo. Zile 2 na 1 ni moli za asidi na za kaboneti, na hazitoki popote ila kwenye mlinganyo uliousawazisha mwenyewe kwa kalamu. Ukiweka 1 kwa 1, jibu litakuwa maradufu ya lile sahihi, na litaonekana safi kabisa.

B10 andika =B6*B5*B9/(B7*B8). Inatoka 0.045, yaani moli kwa lita. B11 andika =2*23+12+3*16, uzito wa moli moja ya kaboneti, ambao ni gramu 106. B12 zidisha hizo mbili: gramu 4.77 kwa lita.

Kabla ya kukabidhi kazi, badilisha B6 iwe 0.2. B12 isiposoma 9.54, kuna namba uliyoiandika ndani ya fomula badala ya jina la seli. Itafute.