Muko watu ngapi hapa nyumbani?

Wandugu, mwaka 1984 njo mara ya mwisho nchi yetu ilihesabu watu wake wote. Walipata karibu milioni 30. Tangu hapo tunaishi na makadirio tu, na leo yanapita milioni 100. Lakini hata kule watu wanahesabiwa kweli, kuna kundi moja linapotea kila mara: watoto wa chini ya miaka 5.

Si shida ya Kongo peke yake. Marekani, pamoja na pesa na kompyuta zote, sensa yao ya 2020 iliacha karibu watoto 5 kwa 100 wa umri huo. Fomu yao ya karatasi ilikuwa na nafasi kamili ya watu 6. Familia ikipita hapo, nani anaandikwa mwisho? Mdogo.

Kwetu shida kubwa iko ndani ya swali lenyewe. Ingia nyumba moja ya Rubaya, uliza: "Muko watu ngapi hapa?" Baba atahesabu wale wanaotumika, wale wanaosoma, wale wanaokula kwa sahani. Mtoto wa wiki mbili, bado yuko mgongoni, pengine hata jina bado, hamtaji. Kuna pia wazee hawapendi kabisa kuhesabu watoto kwa sauti, juu wanaona inaleta bahati mbaya. (Mimi nilisoma agronomia: mchungaji wa Masisi ukimuuliza ngombe, ndama wa jana hawezi kumusahau!)

Kisha kuna mtoto wa nyumba mbili. Mama anatafuta maisha ku machimbo ya koltani, mtoto amebaki kwa bibi yake Sake ao Goma. Bibi anasema: "Huyu ni wa mama yake." Mama anasema: "Yeye haishi hapa." Wote wawili wamesema ukweli, na mtoto hayuko kwenye fomu yoyote. Vita na kukimbia-kimbia vimegawanya familia mingi hivyo.

Tungeweza kusahihisha na vitabu vya leta. Sheria inapatia wazazi siku 90 kuandikisha mtoto bila kulipa. Lakini uchunguzi wa MICS wa 2017-2018 ulikuta ni watoto 40 tu kwa 100 wa chini ya miaka 5 ndio wameandikishwa.

Inaumiza wapi? Kwa chanjo. Mara nyingi kituo cha afya kinapangiwa dozi kufuata makadirio ya watu wa eneo: wanachukua jumla, wanatoa asilimia ya watoto. Tuseme hesabu inaonyesha watoto 1,000, kumbe wako 1,400. Wakichanja 950, ripoti itasema 95 kwa 100. Kazi nzuri! Na watoto 450 hawajaguswa. Hivyo njo surua inaweza kuingia mahali ambapo karatasi inasema hakuna shida. Na surua si mchezo: kuanzia 2019 mpaka mwanzo wa 2020 iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto wadogo.

Wengi wetu tunapata vikazi vya uchunguzi, siku tano na tablet mkononi. Usianze na "muko wangapi". Uliza: "Nani alilala hapa usiku wa jana?" Anza na mdogo. Uliza kama kuna anayenyonya, kama kuna mtoto wa ndugu ao wa jirani aliyeachwa hapa. Ukiweza, uliza mama ao bibi, si baba peke yake.