Jumuiya ya 1967 na ya leo: ni moja au mbili?

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1967, ikavunjika 1977, kisha mkataba wa kuianzisha upya ukasainiwa Arusha Novemba 30, 1999. Jina ni lile lile, na makao makuu yako katika mji ule ule. Je, chombo nacho ni kile kile?

Swali hilo linaonekana la wanafalsafa mpaka limfikie mstaafu. Aliyefanya kazi reli, posta au Shirika la Ndege la Afrika Mashariki alikuwa mtumishi wa Jumuiya, si wa nchi moja. Mwajiri wa namna hiyo akifa, pensheni inadaiwa kwa nani?

Jibu la kisheria lilipatikana Mei 14, 1984, baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht. Katika kugawana mali, Kenya ilipangiwa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Kila serikali ikabeba pensheni za raia wake. Deni hilo, basi, lilikuwa limeshahamia kwa serikali kabla Jumuiya ya leo haijazaliwa. Nchini Tanzania, wazee hao walifuatilia haki zao hadi mahakamani, miaka mingi baada ya mwajiri wao kutoweka.

Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, yenye makao Kampala, ilikuwa na bahati tofauti. Ilizaliwa mwaka 1967 pamoja na Jumuiya, lakini haikuzikwa nayo. Mwaka 1980 wanachama waliipa hati mpya, ikaendelea na kazi.

Tofauti hapo si majengo. Mwaka 1977 reli hazikung'olewa wala ofisi za Arusha hazikubomolewa. Kilichokoma ni nchi tatu kuzitambua ahadi walizopeana. Kwa benki, ahadi hizo ziliendelea kutambuliwa.

Mkataba wa 1999 umeligusa jambo hilo katika Ibara ya 145. Nchi inayotaka kujitoa inahitaji theluthi mbili ya wabunge wake na notisi ya miezi 12, na hata ikiondoka inaendelea kuwajibika kwa ahadi ilizoweka ikiwa mwanachama.

Leo wanachama ni wanane, Somalia ikiwa imejiunga mwaka 2024. Kwa mtumishi wa Jumuiya anayetarajia kustaafu, ibara hiyo ina uzito kuliko bendera.